Maswali ya Wasomaji: Kemia ya Meno ya Watu wa Kale

Makala yetu ya toleo lililopita kuhusu watafiti wanaopima kemikali zilizomo katika meno yaliyofukuliwa makaburini imetuletea barua nyingi kuliko tulivyotarajia. Baadhi ya waandishi wamestaajabu, baadhi wametilia shaka, na wawili watatu wamekasirika kwa niaba ya marehemu. Tumechagua barua nane na kuzifupisha pale ilipobidi.

Ndugu Mhariri, mliandika kwamba jino la mtu aliyekufa karne nyingi zilizopita huonyesha alikolelewa. Mimi nafundisha baiolojia, na najua kwamba mwili hujirekebisha kila uchao. Iweje jino litunze habari za utotoni wakati mifupa haizitunzi? — Mwalimu wa sekondari

Mwalimu, umeanzia mahali panapostahili kuanziwa, kwa sababu bila jibu la swali lako mengine yote hayana mguu wa kusimamia. Mfupa ni kama nyumba ambayo mafundi hawaondoki: kila siku wanatoa tofali kuukuu na kuweka jipya, hata baada ya miaka kadhaa sehemu kubwa ya kuta huwa si zile za mwanzo. Ubavu hujirekebisha haraka, mfupa wa paja polepole zaidi, lakini yote miwili hueleza zaidi habari za utu uzima kuliko za utoto.

Enameli, lile tabaka gumu jeupe linalofunika taji la jino, haina mafundi wa namna hiyo. Seli zinazoijenga hupotea jino linapochomoza kwenye ufizi, na tangu hapo hakuna damu inayopita ndani yake wala chembe hai ya kuikarabati. Takriban asilimia 96 ya uzito wake ni madini ya kalsiamu na fosfati yaliyoshikamana kwa msongamano mkubwa. Chochote kilichoingia humo kutoka kwenye chakula na maji wakati wa ujenzi hubaki humo mpaka mwenye jino afe, na mara nyingi hubaki maelfu ya miaka baada ya hapo.

Manufaa huongezeka kwa sababu meno hayajengwi yote kwa wakati mmoja. Gego la kwanza la kudumu huanza kujengwa karibu na siku ya kuzaliwa, na taji lake hukamilika mtoto anapofikia miaka mitatu hivi. La pili hufuata, na hukamilika kwenye miaka saba au minane. Gego la mwisho huanza karibu na umri huohuo na kukamilika katikati ya ujana. Mtafiti mwenye magego matatu ya mtu mmoja pamoja na kipande cha ubavu wake anaweza kulinganisha vipindi vinne vya maisha, na hapo ndipo mtu aliyehama akiwa na umri wa miaka mitano hutofautishwa na aliyehama akiwa na miaka ishirini. Tahadhari moja: gego la kwanza hujengwa kwa sehemu mtoto akiwa bado ananyonya, na maziwa ya mama yana kemia yake. Ndiyo maana watafiti wengi wanaochunguza uhamaji hupendelea la pili au la tatu, iwapo wana uhuru wa kuchagua.

Mhariri, nimesoma habari za madini ya strontiamu nikachanganyikiwa. Mwamba unaingiaje kwenye jino? Na je, mtaalamu akishapima anaweza kutaja kijiji alikozaliwa mtu? — Mwanafunzi wa historia, mwaka wa pili

Kijiji hapana. Mwamba ndiyo, na njia yake ni fupi kuliko unavyodhani.

Takriban miamba yote ina strontiamu kidogo. Isotopu ni atomi za elementi ileile zinazotofautiana kwa uzito. Isotopu mojawapo ya strontiamu, yaani strontiamu-87, huongezeka kwa sababu rubidiamu-87 iliyomo ndani ya mwamba huoza na kugeuka kuwa strontiamu, tena kwa mwendo wa taratibu mno: ili nusu ya rubidiamu hiyo iishe huhitajika karibu miaka bilioni 50. Strontiamu-86 yenyewe haiongezeki. Kwa hiyo mwamba wa kale sana uliokuwa na rubidiamu nyingi tangu mwanzo, kama itale, huwa na uwiano mkubwa wa strontiamu-87 kwa strontiamu-86, pengine 0.720 au zaidi, ilhali mawe machanga ya volkano huwa karibu na 0.703 hadi 0.705. Maji ya bahari yana 0.7092 popote duniani. Kwa macho tofauti hizi hazina maana, lakini mashine zinazozipima husoma hadi tarakimu ya tano baada ya nukta, kwa hiyo pengo la 0.001 kwao ni pengo pana.

Mwamba ukimomonyoka, strontiamu huingia kwenye udongo na maji, mimea huifyonza, wanyama hula mimea, na watu hula vyote viwili. Mwili huipokea kwa sababu kikemia inafanana sana na kalsiamu, ukaitia kwenye meno yanayojengwa wakati huo. Katika safari hiyo yote uwiano haubadiliki kiasi cha kumsumbua mpimaji. Jino la mtoto aliyekula mazao ya udongo wa itale husoma itale.

Shida ni kwamba itale ziko sehemu nyingi za dunia, na mawe ya chokaa pia. Ukipata jino lenye uwiano usiolingana na udongo wa mahali lilipofukuliwa, unaweza kusema kwa ujasiri kwamba mwenye jino hakukulia hapo, au angalau hakulishwa kwa mazao ya hapo. Kusema alikulia wapi ni kazi nyingine kabisa. Jino ni shahidi hodari wa kukanusha na dhaifu wa kuthibitisha, na naomba uikumbuke kauli hiyo utakapokutana na kichwa cha habari kinachotaja nchi ya asili ya marehemu fulani kana kwamba imeandikwa kwenye hati ya kusafiria.

Ili kupunguza maeneo yanayowezekana, watafiti huongeza kipimo cha oksijeni. Maji ya mvua yana oksijeni nyepesi ya namba 16 na nzito ya namba 18. Mawingu yanapotoka baharini kuelekea bara, au yanapopanda mlima, maji yenye oksijeni nzito hutangulia kudondoka, hivyo mvua ya bara, ya milimani na ya nchi za baridi hubaki na ile nyepesi kwa wingi. Jino huhifadhi kivuli cha maji aliyokunywa mtoto. Mwaka 2002, huko Amesbury, kusini mwa Uingereza, kilomita chache kutoka mawe makubwa ya Stonehenge, lilifukuliwa kaburi la mwanamume aliyezikwa karibu mwaka 2300 kabla ya Kristo, pamoja na vichwa vya mishale, visu vya shaba na mapambo ya dhahabu. Oksijeni ya meno yake ilionyesha kwamba utotoni alikunywa maji ya eneo lenye baridi kuliko pale alipozikwa, na eneo la milima ya Alpi likatajwa kuwa ndilo linalofaa zaidi. Magazeti yalimwita mfalme wa Stonehenge. Kipimo chenyewe hakikusema neno lolote kuhusu ufalme, na hata Alpi ni eneo linalopita nchi kadhaa.

Mambo huwa mazuri zaidi pale ambapo miamba ya eneo dogo inatofautiana sana. Mtu wa barafu anayeitwa Ötzi, aliyekutwa mwaka 1991 kwenye mpaka wa Austria na Italia akiwa amekaa barafuni zaidi ya miaka 5,000, alizungukwa na mabonde yenye miamba ya aina mbalimbali. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003, uliounganisha strontiamu, risasi (ile metali) na oksijeni za meno na mifupa yake, ulionyesha kwamba maisha yake yote huenda hayakuvuka eneo la kilomita 60 hivi kutoka alipofia, na kwamba bonde alilokulia si lile aliloishi ukubwani. Mabonde hayo yangekuwa na mwamba wa aina moja, hakuna mashine ambayo ingeyatenganisha.

Ndugu Mhariri, nilifanya kazi ya kutunza mikusanyo ya makumbusho kwa miaka mingi, na kila mtafiti aliyekuja aliomba "kipande kidogo tu". Kidogo ni kiasi gani? Na jino hubakije? — Mstaafu

Mzee wetu, wasiwasi wako una haki. Kwa strontiamu inayopimwa kwa kuyeyushwa, kiasi kinachotakiwa ni miligramu 10 hadi 20 za enameli, yaani kibanzi kinachoweza kukaa juu ya ncha ya kucha. Kabla ya hapo jino linapaswa kupigwa picha, kupimwa, na ikiwezekana kuchukuliwa nakala ya umbo lake au picha za eksirei za pande zote, maana kikishakatwa hakirudi. Mtafiti mwangalifu huchagua jino ambalo mwenzake wa upande wa pili wa taya bado yupo.

Kisha fundi wa maabara hukwangua uso wa nje wa enameli kwa msasa mdogo wa almasi, kwa kuwa huko ndiko uchafu wa udongo hukusanyika, na kukata kibanzi chini yake. Hukigeuza chini ya darubini na kuondoa kila chembe ya dentini, sehemu ya ndani ya jino, iliyong'ang'ania chini yake. Dentini ni laini na yenye vinyweleo, hunywa strontiamu ya kaburini, na chembe chache zake zinatosha kulifanya jino la mgeni lisomeke kama la mwenyeji. Kibanzi kikisafishwa huyeyushwa katika asidi ya naitriki, na maji hayo hupitishwa kwenye kijibomba chenye utomvu maalumu unaonasa strontiamu na kuacha kalsiamu ipite. Kinachobaki ni tone moja. Tone hilo huingizwa kwenye spektrometa ya masi, ambayo huzirusha atomi mbele ya sumaku, nyepesi zikapinda zaidi ya nzito, na kila kundi likahesabiwa peke yake. Chumba chote huingizwa hewa iliyochujwa, maana vumbi la ukutani nalo lina strontiamu.

Pale ambapo kukata hakuruhusiwi, hutumika leza, ambayo huacha mfereji mwembamba usioonekana kwa urahisi bila darubini. Ndiyo njia iliyotumika kwa meno ya jamaa wa kale wa binadamu kutoka mapango ya Sterkfontein na Swartkrans nchini Afrika Kusini, yenye umri wa karibu miaka milioni mbili. Matokeo ya mwaka 2011 yalionyesha kwamba zaidi ya nusu ya meno madogo, yanayodhaniwa kuwa ya majike, yalitoka kwa wenye kukulia nje ya eneo lile, wakati meno makubwa yalikuwa ya wenyeji isipokuwa machache. Yalipimwa meno 19 tu, jambo ambalo waliosimulia habari hiyo kwa shauku hawakulitaja kila mara.

Mhariri, je, meno yanaweza kuonyesha njaa? Nauliza kwa sababu historia iliyoandikwa huhesabu magunia na bei, lakini aliyekosa chakula mwenyewe haandiki. — Msomaji wa siku nyingi

Yanaweza, na kwa maoni yangu hapa ndipo taaluma hii inapofanya kazi yake bora, kupita hata habari za uhamaji zinazopendwa na magazeti.

Kwa kazi hii enameli huwekwa kando na kushikwa dentini, kwa sababu ina kolajeni, protini ambayo kaboni na naitrojeni zake hutokana zaidi na protini ya chakula. Mimea mingi, pamoja na ngano, mpunga, viazi na maharagwe, hufyonza kaboni kwa njia moja. Mahindi, mtama, uwele na miwa hufyonza kwa njia nyingine inayoacha kaboni-13 nyingi zaidi. Kundi la kwanza husoma karibu na −26 katika kipimo cha sehemu kwa elfu, yaani pungufu ya kiwango maalumu cha kulinganishia, la pili karibu na −12, na pengo hilo halifichiki. Naitrojeni-15 nayo hupanda kwa sehemu tatu hadi tano kwa elfu kila hatua ya mlo, kutoka mmea hadi mla mmea, na kutoka hapo hadi mla nyama. Dentini hujengwa kutoka kwenye taji kuelekea ncha ya mzizi kwa miaka mingi, kwa hiyo mzizi ukikatwa vipande vya milimita moja moja, kila kipande huwakilisha mwaka mmoja au pungufu kidogo.

Huko Kilkenny, Ireland, wachimbaji walikuta mwaka 2005 makaburi ya halaiki katika uwanja wa nyumba ya maskini, yaani kituo walikohifadhiwa mafukara, ambamo watu wasiopungua 970 walizikwa kati ya 1847 na 1851, zaidi ya nusu yao wakiwa watoto. Ni miaka ya njaa kuu, iliyoanza ugonjwa wa viazi ulipoharibu mavuno mwaka 1845. Maskini wa Ireland waliishi kwa viazi na maziwa. Serikali ya London iliagiza mahindi kutoka Marekani ili kuziba pengo. Kwa mtafiti wa isotopu mabadiliko hayo ni kama yamepangwa kwa ajili yake, kwa kuwa viazi viko upande mmoja wa kipimo na mahindi upande wa pili.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yanasomeka hivi. Katika meno ya vijana ambao mizizi yao ilikuwa bado inakua, vipande vya mwanzo vinaonyesha kaboni ya viazi. Kisha naitrojeni inaanza kupanda. Ukiisoma haraka utasema hali iliboreka na watu wakapata nyama. Kumbe ni kinyume, kwa sababu mwili usiopata protini huanza kula misuli yake wenyewe, na anayejila husomeka kama mla nyama. Baada ya hapo kaboni inapanda kwa ghafla kuelekea mahindi, na naitrojeni inashuka: msaada umefika, na mwili umeacha kujila. Katika kipande cha jino chenye unene wa milimita moja kuna msaada uliochelewa. Hakuna daftari la nyumba ya maskini lililoandika jambo hilo kwa mtu mmoja mmoja.

Somo hilo limewalazimu wengi kurudia kusoma takwimu zao za zamani. Ilizoeleka kudhani kwamba naitrojeni ya juu katika meno ya mtoto mdogo ni dalili ya kunyonyeshwa, maana mtoto anyonyaye husoma sehemu mbili au tatu juu ya mama yake. Sasa swali la kwanza ni kama mtoto alinyonya sana au alikuwa anakufa njaa, na wakati mwingine kaboni pekee ndiyo hutenganisha mambo hayo mawili.

Je, jino moja linaweza kuonyesha kama marehemu alikuwa mwanamume au mwanamke? — Muuguzi

Ndiyo, siku hizi, na bila kutumia DNA. Enameli hujengwa kwa msaada wa protini iitwayo amelojenini, ambayo jeni yake ipo kwenye kromosomu X na nakala iliyotofautiana kidogo ipo kwenye Y. Vipande vya protini hiyo hubaki ndani ya madini kwa maelfu ya miaka. Uso wa jino huoshwa kwa asidi hafifu kwa dakika chache, na maji ya kuoshea hupimwa: nakala ya Y ikionekana, alikuwa mwanamume. Isipoonekana, alikuwa mwanamke au sampuli imechakaa mno, na mpimaji lazima aonyeshe kwamba nakala ya X ilikuwa ya kutosha kabla ya kutoa hukumu. Huko Valencina, karibu na Sevilla nchini Hispania, kaburi la kifahari la karibu miaka 5,000 iliyopita, lenye pembe nzima ya ndovu, lilichimbwa mwaka 2008 na kudhaniwa kuwa la kijana wa kiume mwenye cheo. Meno yalipopimwa, matokeo ya mwaka 2023 yalisema ni mwanamke. Cheo kimebaki palepale.

Ndugu Mhariri, mimi ni mkemia na sijaridhika. Jino limelala udongoni miaka elfu moja. Mvua imepita, chumvi zimepita. Halafu marehemu huenda alinunua nafaka ya mbali, alikula samaki wa baharini, alipika maji. Hamjengi jumba juu ya mchanga? — Mkemia wa kiwandani

Hoja zako zote ni za kweli, na zina uzito usio sawa, kwa hiyo niziguse kwa zamu.

Udongo ndio unaotisha kidogo kuliko mengine, mradi uzungumzie enameli. Msongamano wake huzuia maji kupenya, na watafiti hujipima wenyewe kwa kupima dentini ya jino hilohilo: dentini ikiwa imevutwa kuelekea uwiano wa udongo na enameli ikabaki mbali nao, kuna ushahidi kwamba enameli haikuguswa. Mifupa ya kale, kinyume chake, haiaminiki kwa strontiamu, isipokuwa ile iliyochomwa kwa moto mkali hadi ikawa nyeupe, ambayo madini yake hukaza. Hilo lilifungua mlango wa kuchunguza waliochomwa, ambao enameli yao hupasuka kwa joto. Mwaka 2018 njia hiyo ilitumika kwa mabaki yaliyochomwa ya Stonehenge, na baadhi yao wakaonekana hawakuishi kwenye ardhi ya chokaa ya hapo miaka yao ya mwisho.

Chakula cha mbali ni tatizo kubwa zaidi. Samaki na chumvi ya bahari huvuta uwiano kuelekea 0.7092 hata kwa mtu aliyelala maisha yake yote juu ya itale. Na mchango wa kila chakula haulingani: strontiamu nyingi hutoka kwenye mimea, hasa mboga za majani, na kidogo sana kwenye nyama. Aliyekula nyama ya mbali na mboga za nyumbani husomeka kama mwenyeji. Maji yaliyochemshwa muda mrefu, mchuzi na pombe ya kienyeji hupoteza oksijeni nyepesi kwa mvuke, hivyo mnywaji wa pombe huonekana kama ametoka nchi ya joto zaidi. Kuna kazi zilizochapishwa ambazo zilipuuza haya, na binafsi huwa siamini tofauti ndogo ya oksijeni isiyoungwa mkono na kitu kingine.

Tatizo kubwa kuliko yote, ambalo hukulitaja, ni ramani. Uwiano wa jino hauna maana mpaka ujue uwiano wa ardhi inayolizunguka kaburi na ya maeneo yanayoshukiwa, tena ule unaofikia mimea, si ule wa jiwe lenyewe. Watafiti hukusanya majani, konokono na meno ya panya kutoka mahali hadi mahali. Hata hapo mbolea na chokaa ya shambani vimebadilisha udongo wa leo. Nchi zilizochorewa ramani nzuri ni chache, na kwa sehemu kubwa ya dunia mtu anaposema jino halilingani na sehemu yoyote inayojulikana, sehemu zinazojulikana zenyewe ni haba.

Mhariri, meno haya ni ya watu. Waliofungwa minyororo wakiwa hai, leo wanakatwa meno wakiwa wafu. Nani alitoa idhini? — Msomaji aliyeomba asitajwe

Barua yako ilikuwa ndefu na kali, na inastahili kujibiwa kwa mifano.

Mwaka 1991, jengo la serikali lilipokuwa linajengwa Manhattan, New York, ilifukuliwa sehemu ya makaburi ya Waafrika waliokuwa watumwa na walio huru, yaliyotumika hadi mwaka 1794. Mabaki ya watu 419 yalitolewa. Mwanzoni kazi ilikwenda bila kuwasikiliza wazao, na ni maandamano na shinikizo la Wamarekani weusi wa jiji hilo vilivyosimamisha uchimbaji na kuhamishia utafiti Chuo Kikuu cha Howard, chuo cha kihistoria cha Wamarekani weusi, chini ya mwanaanthropolojia Michael Blakey. Tangu hapo jamii ndiyo iliyosaidia kuweka maswali: walitoka wapi, waliishije, walipingaje? Baadhi ya watu wazima walikuwa na meno yaliyochongwa kwa mtindo wa Afrika, na kemia yao ilitofautiana na ya watoto waliofia New York. Watoto hao walikuwa na metali ya risasi nyingi zaidi katika meno, sumu ya vyombo na rangi za jiji la kikoloni, ambayo waliolelewa Afrika hawakuwa nayo. Wote walizikwa upya mwaka 2003.

Mfano wa pili ni wa Campeche, Mexico, ambako meno ya watu wanne kutoka makaburi ya karne ya 16 na 17 yalikutwa na uwiano wa strontiamu ulio juu mno kuliko ardhi yoyote ya eneo lile, lakini unaolingana na miamba ya kale ya Afrika Magharibi. Ni miongoni mwa Waafrika wa kwanza kabisa kutambuliwa kaburini katika bara la Amerika kwa njia ya kemia. Majina yao hayakuandikwa popote.

Mfano unaonishawishi zaidi ni wa Sutherland, Afrika Kusini. Chuo Kikuu cha Cape Town kiligundua mwaka 2017 kwamba mikusanyo yake ilikuwa na mabaki ya watu tisa wa asili ya Wasan na Wakhoi waliochukuliwa kutoka eneo hilo katika miaka ya 1920 bila idhini. Chuo kiliwatafuta wazao, na familia zenyewe ndizo zilizoomba uchunguzi ufanyike kabla ya maziko: isotopu, DNA na sura zilizoundwa upya. Walipewa majibu wao kwanza. Maziko yalifanyika Novemba 2023.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kwenye visa vingi vya zamani hakuna aliyetoa idhini, na hilo halifichwi kwa kusema kwamba sampuli ilikuwa ndogo. Panapojulikana wazao, msimamo wangu ni kwamba wao ndio wenye neno la kwanza na la mwisho, pamoja na haki ya kukataa kipimo ambacho kingetuvutia sana sisi wengine.

Na meno yetu sisi wa leo yatasema nini? — Mwanafunzi wa kidato cha tatu

Kwa strontiamu, mwanangu, yatasema machache. Anayekula ngano ya bara moja, matunda ya bara jingine na samaki wa makopo hubeba wastani wa miamba ya nusu ya dunia. Oksijeni itasaidia zaidi, kwa kuwa maji ya bomba bado hutoka karibu kwa watu wengi.

Kuna alama mbili, hata hivyo, ambazo hakuna kizazi cha nyuma kilichokuwa nazo. Majaribio ya mabomu ya nyuklia angani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 yalikaribia kuongeza maradufu kaboni-14 ya hewani, ambayo imekuwa ikishuka tangu hapo. Enameli iliyojengwa katika miaka hiyo na baada yake ilichukua kaboni ya wakati wake, na utafiti wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba mwaka wa kuzaliwa wa mtu asiyejulikana unaweza kukadiriwa kwa kosa la wastani wa mwaka mmoja na nusu hivi. Polisi wanaotafuta utambulisho wa maiti wameitumia njia hiyo.

Alama ya pili ni strontiamu-90, ambayo ni isotopu yenye mionzi iliyotokana na mabomu hayohayo na huingia kwenye meno kwa mlango uleule wa kalsiamu, hasa kupitia maziwa. Mwaka 1958, katika jiji la St. Louis nchini Marekani, wanasayansi na akina mama walianza kukusanya meno ya utoto yaliyong'oka, na kila mtoto aliyeleta lake alipewa beji. Hadi mradi ulipofungwa mwaka 1970 yalikuwa yamekusanywa meno yapatayo 320,000. Vipimo vilionyesha strontiamu-90 ikipanda mwaka hadi mwaka kwa watoto waliozaliwa majaribio yakiendelea, na matokeo ya mwanzo yalikuwa yamekwisha kufika mezani kwa wanasiasa wakati mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya angani ulipotiwa sahihi mwaka 1963.